Mawe hai ya tangi la maji chumvi: maswali yanayoulizwa kila siku, na majibu kwa hali yetu ya Unguja na Pemba

Haya maswali nimeyakusanya mana yanarudi yale yale. Mtu ananunua tangi, anahangaika na samaki na taa, jiwe analikumbuka likishaanza kunuka au kuota manywele ya kijani. Na mimi nasema jiwe ndo tangi lenyewe, samaki ni wageni tu. Soma kwa mpangilio unaotaka, pale jibu lilipo kwenye swali jengine nimekuelekeza huko.

## YA MWANZO

Jiwe hai ni nini hasa, si jiwe tu?

Jiwe lenyewe ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, chokaa tupu iliyojaa matundu. Uhai ni wa wale waliohamia humo: bakteria, mwani wa chokaa ule wa zambarau na waridi unaoganda kama rangi, sponji, minyoo, vikonokono, vikaa. Juu ya jiwe, ambako maji yana hewa, kuna bakteria wanaochukua amonia inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza wakaigeuza nitriti, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Ndani kabisa, ambako oksijeni haifiki, wapo wanaoichukua hiyo nitrati wakaifanya gesi ya naitrojeni ikatoka zake hewani. Ndo mana jiwe zuri ukilishika ni jepesi kuliko lilivo kwa macho, matundu mengi ndani ni nyumba nyingi.

Sasa kama lina uhai, kulisafisha maana yake nini?

Maana yake ni kuondoa uchafu uliokaa juu yake na kwenye matundu ili maji yapite, basi. Si kulisugua ling'ae. Nasema hivi kwa uchungu mana jiwe langu la kwanza nililitoa, nikalipeleka bombani, nikalisugua kwa brashi ya nguo mpaka likawa jeupe kama karatasi, nikafurahi. Siku ya tatu amonia ikapanda na samaki wakawa juu ya maji wanatweta. Nilikuwa nimeua kila kilichokuwa kinawalinda. Tangu siku ile kila anaeniuliza namwambia: jiwe likiwa na rangi rangi, madoa na vidudu vidogo vinavotambaa, liko sawa, liwache.

Kilo ngapi zinatosha?

Tangi la lita 100, kilo 10 hivi za jiwe lenye matundu zinatosha. Likiwa zito na limeshikana utahitaji zaidi, ila usijaze mpaka maji yakose njia ya kupita nyuma.

Naweza kwenda kuvunja mwenyewe pwani maji yakitoka?

Usifanye hivo. Najua jibu linawaudhi watu, mtu anakaa Jambiani au Wete, bamvua likitoka mwamba wote uko wazi mbele yake na yeye anaambiwa akanunue jiwe. Lakini ule mwamba ndo unaovunja mawimbi, ndo anapozaa changu na pweza na tasi, na umeshapata taabu ya kutosha. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe yalipauka pwani yetu yote, sehemu nyengine hayakurudi. Chumbe imekuwa hifadhi tangu 1994 na mtu akienda anaona tofauti kwa macho yake, pale hakuguswi kitu. Menai, Mnemba na Misali nako kuna sheria zake. Na kama una fikra ya kuwauzia watu wa nje, matumbawe magumu na mawe hai yamo kwenye CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila karatasi.

Kama jiwe unaletewa na mtu, muulize kalitoa wapi. Akijikanyaga kwenye jibu, usinunue. Njia nzuri zaidi ipo kwenye swali linalofuata.

Yale mawe ya kujengea, ya uwandani, yanafaa tangini?

Yanafaa sana na ndo ninayoyapendekeza. Ile ni matumbawe ya zamani kabisa, bahari ilishayawacha nchi kavu, ndo jiwe hilo hilo lililojenga Mji Mkongwe. Chagua yenye matundu mengi na maumbo ya ajabu ajabu. Usichukue yaliyobomolewa ukutani, yale yana saruji, rangi na chokaa ya kupakia.

Kazi yake ni udongo mwekundu, umeingia kila tundu. Sugua kwa brashi ngumu (hapa sugua utakavo, halina uhai bado), litie kwenye ndoo la maji, badilisha kila siku mbili tatu kwa wiki mbili, mpaka maji yabaki meupe. Kisha liweke kwenye maji chumvi yenye pampu, pima fosfati (chakula cha mwani), ikiwa juu endelea kubadilisha maji. Mwisho weka pembeni yake kipande kimoja kidogo cha jiwe hai kutoka tangi la mwenzako lisilo na maradhi, bakteria watahama wenyewe. Hesabu miezi miwili mitatu kabla ya kulitegemea. Ni polepole, ila huleti mdudu yeyote wa ajabu na mwamba unabaki baharini.

## JIWE LIMEFIKA NYUMBANI

Linanuka kama yai bovu, limeharibika?

Pengine hapana. Njiani sponji na vidudu vyengi vimekufa na sasa vinaoza. Ukiona sehemu nyeusi au nyeupe telezi kama kamasi, ndo hiyo. Lisiingie kwenye tangi lenye samaki kwa hali hii, hata siku moja. Likomaze kwanza.

Kukomaza kunachukua muda gani na nafanya nini?

Wiki nne mpaka nane. Chukua pipa au beseni kubwa la plastiki ambalo halijawahi kutiwa sabuni wala mafuta, jaza maji chumvi, weka pampu inayosukuma maji kwa nguvu, funika lisipate mwanga ili mwani usiote. Hita huku kwetu huihitaji.

Siku ya kwanza lishike jiwe juu ya ndoo, ng'oa kwa mswaki kila kilicho laini na kinachonuka. Kilichoshika wacha. Baada ya hapo kila siku nne tano vuta taka chini ya pipa kwa mpira wa kunyonyea maji na badilisha nusu ya maji. Pima amonia na nitriti. Zitapanda, zitakaa juu, zitashuka. Zikiwa sifuri zote mbili kwa wiki nzima na ukiliinua jiwe unasikia harufu ya bahari tu, kama ya upepo wa asubuhi Forodhani, limekomaa. Pua yako iamini, ila kipimo kiamini zaidi.

Nilichemshe nitoe wadudu wote?

USICHEMSHE. Hili nisomeni vizuri. Juu ya mawe kunaweza kuwa na vile vifungo vyenye duara na vimikono pembeni, jamaa za matumbawe laini wanaoitwa zoantidi, na baadhi yao wana sumu kali sana inayoitwa palitoksini. Ukichemsha inapanda na mvuke, unaivuta, na kuna watu nchi za nje nyumba nzima wamelazwa hospitali kwa sababu ya sufuria moja la jiwe. Wala usilimwagie maji ya moto, wala usilisugue kavu kwa brashi ya chuma vumbi likuingie usoni. Ukishika mawe vaa glavu za mpira, hasa ukiwa na kidonda mkononi, kuna bakteria wa tangini wanaoingia kwenye ngozi na kidonda kinakaa miezi.

Usiku nasikia mlio tk, tk, kwenye jiwe. Ni nini?

Mara nyingi ni kamba mdogo anayefyatua gando lake, huyo hana shida. Lakini samaki wakianza kupotea au konokono wakikutwa wamevunjwa, huenda ni yule kamba anayepiga kwa ngumi, kiumbe kama panzi wa bahari, na huyo hafai kukaa na wenzake. Kaa giza na tochi nyekundu ujue yuko jiwe gani. Litoe hilo jiwe, lichovye dakika moja mbili kwenye ndoo la maji yenye chumvi nyingi kuliko kawaida, kipimo cha uzito wa maji (haidromita) kisome kama 1.040, atatoka mwenyewe mbio na vikaa vitatoka pia. Kisha lirudishe kwenye maji ya kawaida upesi. Usimshike kwa mkono.

## USAFI WA KILA WIKI

Hebu eleza hatua kwa hatua, nasafishaje bila kuliua?

Mimi nafanya hivi. Kabla ya kubadilisha maji nachukua bomba la sindano kubwa la duka la dawa, lile la mililita 60, bila sindano. Navuta maji ya humo humo tangini na kuyapuliza kwenye matundu ya jiwe, moja baada ya jengine, nikianzia juu. Utaona moshi wa kahawia unatoka, ndo taka hizo, kinyesi na chakula kilichojificha. Mara ya kwanza mtu anashtuka kwa wingi wake. Nasubiri dakika tano zitue chini, kisha nazivuta kwa mpira pamoja na yale maji ninayoyatoa. Hapo umebadilisha maji na umesafisha mawe kwa kazi moja.

Kupuliza fanya mara moja au mbili kwa wiki, kubadilisha maji asilimia 10 mpaka 15 kila wiki. Usipulize tangi zima siku moja kama hujawahi kufanya miezi, anza na upande mmoja, mana taka nyingi zikiinuka pamoja zinakula oksijeni.

Jiwe la kutolewa nje ni lile lenye tatizo tu. Likitoka, lioshwe kwenye ndoo la maji uliyoyatoa tangini, litikisetikise chini ya maji, pitisha mswaki mpya pale penye uchafu, lirudi. Sabuni hapana. Maji ya bomba hapana. Jik hapana, labda jiwe limeshakufa, angalia chini kabisa.

Nimesafisha lakini taka zinarudi pale pale nyuma ya jiwe.

Hapo pana maji mafu, yaani mkondo haufiki. Huwezi kushinda kwa mikono. Geuza pampu au ongeza nyengine ndogo. Tangi la lita 100 pampu zote pamoja zisukume angalau lita 1500 mpaka 2000 kwa saa. Na usiyapange mawe kama ukuta, yapange kama pango, mengi yagusane kwa ncha tu. Lile la chini likae juu ya kioo, sio juu ya mchanga, mana viumbe wanachimba na jiwe likianguka linavunja tangi.

Maji ya bahari nichukue wapi?

Sisi tuna bahati, wenzetu wanachanganya chumvi ya paketi. Lakini sio kila maji ya bahari ni safi. Usichote bandarini Malindi wala ufukwe wa mji, mitaro inaingia pale. Nenda pwani yenye mkondo, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto na mabomba ya mahoteli. Wakati wa masika subiri siku kadhaa baada ya mvua kubwa, mana pwani chumvi inashuka na tope linakuja. Chuja kwa kitambaa safi cheupe, weka kwenye dumu gizani na pampu ya hewa siku mbili tatu, pima chumvi, iwe 1.024 mpaka 1.026, ndo utie.

Maji yakipungua kwa joto niongeze ya bahari au ya baridi?

Ya baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, ukiongeza ya bahari kila siku utalikausha kila kiumbe kwenye jiwe kwa chumvi. Hapa wengi wanakosea. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye chokaa na mjini mengi yana nitrati, ni chakula cha mwani. Bora ya kunywa yaliyochujwa. Ya mvua sawa kama umekinga moja kwa moja, sio yaliyopita juu ya mabati. Na yale yanayodondoka kwenye AC, mnaniuliza sana, msiyatumie, mabomba yake ndani ni shaba na shaba inaua viumbe wa kwenye jiwe.

## MWANI NA WASIOALIKWA

Jiwe limeota nywele za kijani, nafanyaje?

Nywele ni dalili, ugonjwa ni nitrati na fosfati. Kwanza zing'oe kwa vidole au mswaki, jiwe likiwa nje kwenye ndoo, vipande visitawanyike tangini. Kisha punguza chakula, mara nyingi ni hicho tu, mtu analisha mara tatu kwa siku samaki wanne. Taa saa 8 kwa siku zinatosha. Tangi lisikae dirishani linapopigwa na jua la Zanzibar. Konokono wanaokula mwani watakusaidia, tasi pia anakula mwani kama ng'ombe ila anakuwa mkubwa na ana miba ya sumu, usimtie kwenye tangi dogo.

Panapokataa, toa jiwe, paka kwa mswaki haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, ngoja dakika mbili tatu, suuza kwa maji chumvi, rudisha. Pakia penye nywele tu.

Kuna utando mwekundu kama kitambaa, unatoka povu povu.

Huo sio mwani wa kweli, ni bakteria. Uvute kwa mpira, unatoka kipande kizima. Ongeza mkondo pale, puliza mawe kama nilivoeleza juu, na kama umezidi zima taa siku tatu.

Rangi ya zambarau inayoenea nisugue?

Ile ni neema, mwani wa chokaa. Kwenye kioo cha mbele kwangua, kwenye jiwe iwache.

Kuna vimaua vya kahawia vyenye mikono, nikivigusa vinaingia ndani.

Hiyo ni aiptasia, na inachoma matumbawe na samaki. Kosa kubwa ni kuikata au kuibana, kila kipande kinaota upya. Chukua chokaa safi ya kutengenezea vyakula, sio ya ujenzi, koroga na maji kidogo iwe uji, zima pampu, ichome kwa sindano katikati ya mdomo wake taratibu kabla hajajikunja. Maji ya ndimu yanafanya kazi pia. Tatu nne kwa siku, usizidishe. Ikiwa zimejaa jiwe zima, litoe ulikaushe, angalia chini.

Minyoo yenye manyoya inatoka usiku, ni hatari?

Kwa vidole vyako ndio, miba yake inabaki ngozini na inawasha. Kwa tangi ni wafagiaji, wanaingia ndani ya jiwe pale bomba lako lisipofika. Wakiwa wengi mno maana yake unalisha mno.

## JOTO NA UMEME

Kaskazi tangi langu linafika digrii 31, jiwe litakufa?

Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na viumbe wa jiwe wanaanza kulegea ukipita 30. Lenga 25 mpaka 28. Njia rahisi ni feni ndogo ya mezani ipulize juu ya maji, inashusha digrii mbili tatu, ila maji yatapaa haraka, kwa hiyo rudi kwenye swali la kuongeza maji. Siku za unyevunyevu mwingi feni inasaidia kidogo. Fungua mfuniko, zima taa mchana washa jioni. Barafu usitie moja kwa moja, tia kwenye chupa iliyofungwa iwe inaelea.

Umeme ukikatika nianze na nini?

Hewa. Sio samaki wala taa. Bila mkondo bakteria wa jiwe na samaki wanagombania oksijeni ile ile, na tangi lenye mawe mengi linaweza kuishiwa ndani ya saa chache, hasa usiku. Chukua kata, chota maji na uyamwage kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Usilishe kabisa. Nunua pampu ya hewa ya betri leo, kabla hujaihitaji.

Waliokuwepo mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka Unguja ilivokaa kiza takriban miezi mitatu, waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu. Ikija ya namna ile jiwe lako likae kwa mwenzako mwenye jenereta au sola, usingoje wiki ipite.

Umeme ukirudi na filta ya kopo ilikuwa imezima saa nyingi, usiiwashe hivo hivo. Maji yaliyolala ndani yameoza, yamwage, suuza sponji kwenye maji chumvi, ndo washa.

## MAMBO YANAYOTOKEA MARA MOJA MOJA

Nahamia Pemba, jiwe litafika salama kwenye boti?

Litafika. Bora ndani ya ndoo lenye maji chumvi na mfuniko, uzito ukikushinda lifunge kwa magazeti au kanga kuukuu iliyolowa maji chumvi, ndani ya boksi la foam, mbali na jua. Saa kadhaa si kitu. Ukifika litenge siku chache upime amonia kabla ya samaki kuingia.

Samaki wana vidoadoa vyeupe, nitie dawa ya shaba?

Sio kwenye tangi lenye mawe. Shaba inaua konokono, kamba na minyoo, na jiwe linainyonya kisha linaitoa kidogo kidogo miezi. Mtibu samaki kwenye tangi la pembeni lisilo na jiwe wala mchanga.

Jiwe lilikauka wiki nzima uani, bado ni hai?

Hapana, ila sio la kutupa. Kama limejaa uozo au aiptasia, hapa ndo Jik inaruhusiwa: sehemu moja ya Jik kwa kumi za maji, siku moja nje penye hewa, mwaga, suuza sana, loweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, kisha jua kali wiki nzima mpaka lisinuke Jik hata kidogo. Usichanganye Jik na siki, ndimu wala asidi yoyote, inatoka gesi inayounguza mapafu. Baada ya hapo lichukulie kama jiwe la uwandani, anza upya kulikomaza.

Nimechoka na tangi, nirudishe mawe baharini?

Usirudishe, hata kama yalitoka huko huko. Yameshakaa na samaki na viumbe kutoka sehemu nyengine, na huwezi kujua maradhi gani yamejificha kwenye matundu. Mpe anaeanza, jiwe lililokomaa ni mali, utamuokolea miezi miwili ya kusubiri. Akikosekana wa kumpa lianike uani mpaka likauke kabisa, na siku moyo ukirudi utalikuta pale pale, limekuwa jeupe na jepesi.